Bwati otomatiki imejengwa upya, lakini vitesi zakataa: tazama nje kabla ya kufungua ndani

Fikiri jambo hili. Ni siku ya Mungu, saa kumi za mchana. Katika lupango, chini ya mwembe, motokari imerudi juu ya magurudumu yake. Siku tatu umelala chini yake. Bwati ya vitesi ilitoka, ikafunguliwa juu ya meza, diski mpya zikaingia na mipira mipya, kisha yote yakarudi mahali pake. Bibi ameleta maji ya kunawa. Watoto wamesimama mbele ya motokari, wanataka kuona baba akiwasha.

Unawasha moteri. Unaweka levie kwa D. Hakuna kitu. Unakanyaga akseleratere kidogo. Hakuna kitu. Unakanyaga tena, kwa nguvu kidogo kupita kwanza. Kwa ghafula bwati inashika, na motokari inaruka mbele.

Ndugu msomaji, watoto wako walikuwa wapi?

Ukurasa huu unasema juu ya bwati otomatiki, ile inayojibadilishia vitesi bila pedali ya embreyaji. Katika miji yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi motokari za namna hii ni nyingi sana, hasa zile za Japani zenye usukani kwa upande wa kuume. Mgodini nako kamyo kubwa zinafanya kazi na bwati ya jamaa hiyo hiyo. Ikivunjika, fundi anaijenga upya. Lakini mara nyingi, ikiisha kurudishwa, vitesi hazibadiliki vizuri: zinachelewa, zinagonga, ao hazishiki kabisa. Hapo wengi wanafanya makosa mawili. La kwanza, wanatafuta ubaya bila kujilinda. La pili, wanafungua tena bwati nzima, na kumbe ubaya ulikuwa nje: mafuta, levie, kable ao waya moja ya umeme. Makosa yote mawili yanakula feza, na lile la kwanza linakula watu.

NAMNA BWATI INAVYOFANYA KAZI

Katika motokari ya embreyaji, mguu wako wa kushoto unatenga moteri na magurudumu, na mkono wako unachagua vitesi. Katika bwati otomatiki, kazi ya mguu na ya mkono inafanywa na mafuta.

Moteri inazungusha konvertiseri, chombo cha mviringo kilichojaa mafuta. Upande mmoja unasukuma mafuta, na mafuta yanasukuma upande wa pili, kama vile ventilatere inayozunguka inaweza kuzungusha ingine iliyozimika mbele yake. Injinia Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyebuni njia hiyo mwaka 1905, akifikiri juu ya meli. Kampuni General Motors ya Marekani ikaanza kuuza bwati otomatiki iliyoitwa Hydra-Matic mwaka 1939, na tangu hapo watu wengi wakazizoea.

Nyuma ya konvertiseri kuna pompi. Pompi inazungushwa na moteri peke yake. Inatoa mafuta kwa presio, na presio hiyo inapita katika bloki ya supapi, ambayo ni kichwa cha bwati: ndiyo inayotuma mafuta huku ao kule. Mafuta yakifika nyuma ya pistoni, pistoni inabana diski, diski zinashika magiya, nawe unasikia vitesi imeingia.

Basi shika neno hili, litakusaidia mpaka mwisho: kwa bwati otomatiki, vitesi ni presio ya mafuta. Presio ikipungua, diski zinateleza na kuungua. Presio ikizidi, vitesi zinagonga.

Ndiyo sababu huwezi kuwasha motokari hii kwa kuisukuma. Magurudumu hayawezi kuzungusha pompi, na bila pompi hakuna kitu kinachounganisha magurudumu na moteri. Tena ndiyo sababu haifai kuivuta kwa kamba mwendo mrefu na magurudumu ya nguvu yakizunguka chini: pompi imelala, magiya yanazunguka bila mafuta mapya, bwati inaungua bila wewe kusikia. Inua magurudumu yale, ao pakia motokari juu ya kamyo.

KABLA YA KUTAFUTA UBAYA: LINDA WATU

Bwati iliyotoka kujengwa haina haki ya kuaminiwa. Hujui bado kama levie na bwati vinasema neno moja. Levie inaweza kuonyesha P, na ndani bwati iko kwa R. Kwa hiyo fanya haya kwanza.

Weka motokari mahali sawa, pasipo mtelemko. Weka vizuizi vya mti mgumu ao vya chuma mbele na nyuma ya magurudumu. Vuta freni ya mkono, na hakikisha kwamba inashika kweli.

Ondoa watu wote mbele na nyuma. Watoto wapelekwe barazani, tena na mtu mkubwa wa kuwaangalia. Mtu mwenye kuongoza kwa mkono asimame ubavuni, mbali kidogo, asisimame kati ya motokari na ukuta.

Ukiiinua kwa kriki, iweke juu ya shandele za chuma kabla ya kuingiza hata mkono chini yake. Bloki ya simenti inaweza kupasuka bila kukuonya. Na moteri ikizunguka huku levie iko kwa vitesi, mtu yeyote asilale chini ya motokari, hata kwa kutazama tu kama mafuta yanavuja.

Usiache moteri izunguke ndani ya garaje iliyofungwa. Kutafuta ubaya wa vitesi kunaomba moteri izunguke wakati mrefu, na katika moshi wake kuna gazi isiyo na rangi wala harufu inayoua. Kichwa kikianza kuuma na macho kuzunguka, toka nje mara moja.

Weka karibu kizima-moto ao ndoo ya mchanga. Mafuta ya bwati yakimwagika juu ya bomba la moshi lenye moto yanaweza kuwaka. Maji si dawa ya moto wa mafuta.

MAFUTA NDIYO YA KWANZA

Ukichukua ubaya wote wa vitesi baada ya kujenga bwati, anza na mafuta. Uliza maswali matatu: Yanatosha? Ni ya aina inayotakiwa? Yana hali gani?

Yanatosha? Ukimwaga mafuta ya bwati kwa kufungua karteri peke yake, katika motokari ndogo mara nyingi yanatoka litre 2 mpaka 4. Lakini bwati iliyofunguliwa yote, na konvertiseri tupu, inaweza kuomba litre 7, 8 ao zaidi. Fundi anatia litre 4, anaona kijiti cha kupimia kimelowa, anafurahi. Anawasha moteri, konvertiseri inameza mafuta, na pompi inaanza kuvuta hewa. Hapo ndipo motokari inapokataa kutembea, kisha inaruka kwa ghafula. Tia sehemu kubwa ya mafuta kwanza, washa, ongeza mara moja, pitisha levie polepole katika kila nafasi huku mguu uko juu ya freni, kisha pima tena.

Kwa motokari nyingi kipimo cha kweli kinasomwa moteri ikizunguka polepole, levie iko kwa P, na mafuta yamepata moto wa digrii 70 mpaka 80. Aina zingine zinapimwa levie ikiwa kwa N. Zingine hazina kijiti kabisa. Zinapimwa kwa bulo ya karteri, mafuta yakiwa na moto ule kitabu kinaosema. Soma kitabu cha motokari yako.

Usizidishe pia. Mafuta yakipita kipimo, magiya yanayapiga kama mtu anayepiga mayai. Yanakuwa povu, na povu haina presio. Diski zinateleza sawasawa na wakati mafuta yamepungua. Tena povu inatoka kwa tundu la kupumulia na kuanguka juu ya bomba la moshi.

Ni ya aina gani? Motokari moja inaomba Dexron, ingine Mercon, Toyota nyingi zinaomba T-IV ao WS. Mashini kubwa za Caterpillar zinaomba mafuta ya kanuni TO-4, ambayo si yale ya motokari ndogo. Mafuta yasiyo yake yanafanya vitesi kugonga ao motokari kutetemeka kama inayopita juu ya bati. Usichanganye kwa sababu rangi ni moja.

Yana hali gani? Mafuta mazuri ya aina nyingi ni mekundu na yanapitisha mwanga. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, diski zimeanza kufa. Yakiwa ya rangi ya maziwa yaliyotiwa sirupu, maji yameingia, mara nyingi kwa kupitia radiatere. Simama hapo hapo: maji yanaondoa gundi ya diski.

LEVIE NA KABLE

Moteri ikiwa imezimika, pitisha levie P, R, N, D mpaka mwisho. Kwa kila nafasi sikia bwati ikijibu na kituo chake. Kama kituo cha bwati kinakuja kabla ao nyuma ya alama ya levie, rekebisha fimbo ao kable inayoviunganisha. Supapi ya mkono ikisimama katikati ya nafasi mbili, inagawa presio nusu kwa nusu, na diski mpya zinaweza kuungua siku ya kwanza.

Kisha jaribu kitu ambacho wengi wanasahau. Mguu juu ya freni, jaribu kuwasha moteri katika kila nafasi. Ni lazima iwake kwa P na kwa N peke yake. Ikiwaka kwa R ao kwa D, usiendelee mpaka umeweka vizuri kontakti ya usalama. Kosa hili dogo ndilo linalorusha motokari juu ya watu.

Halafu kable ya akseleratere inayokwenda kwenye bwati. Motokari nyingi za zamani zinayo. Inaambia bwati mguu wako unaomba nguvu kadiri gani. Ikivutwa mno, vitesi zinachelewa kubadilika na zinaingia kwa kishindo. Ikilegea, vitesi zinabadilika mapema na laini mno. Shofere anafurahi, akidhani bwati imekuwa nzuri, na kumbe presio ni ndogo na diski zinaungua. Kwa Toyota nyingi zenye kable hii, ukikanyaga akseleratere mpaka chini, kile kituo kidogo kilichobanwa juu ya kable kinapaswa kuwa milimetre 0 mpaka 1 kutoka mdomo wa ganda lake. Ni kazi ya dakika kumi, na inaokoa bwati nzima.

UMEME

Bwati za sasa zinaongozwa na kompyuta ya motokari. Inafungua na kufunga elektrovani, yaani supapi ndogo za umeme. Kompyuta ikikosa habari ya mwendo ao ya elektrovani moja, inajilinda: inashika vitesi moja, mara nyingi ya pili ao ya tatu, na kukataa kubadilisha. Shofere anaona motokari nzito wakati wa kuondoka, na moteri inalia barabarani. Anasema: bwati imekufa tena. Kumbe fundi alisahau kuchomeka plaki moja, ao alirudisha plaki mbili zinazofanana kila moja mahali pa nyingine, ao waya ya masi, ile inayounganisha moteri na chuma cha motokari, ilibaki inaning'inia.

Kwa Toyota nyingi, taa ya O/D OFF ikiwaka na kuzimika yenyewe, kompyuta inakuita. Omba mtu mwenye aparei ya kusoma makosa asome namba zake kabla ya kugusa bulo hata moja.

Tena ujue kwamba kompyuta inakumbuka tabia ya bwati ya zamani iliyochakaa, na inaongoza ile mpya namna hiyo hiyo. Kwa motokari nyingi inapasa kufuta kumbukumbu hiyo na kuifundisha upya, kwa njia iliyoandikwa katika kitabu chake. Ikisahaulika, vitesi zinaweza kugonga hata kama kila kitu ndani ni kizuri.

ISHARA NA SABABU ZAKE

Motokari haitembei mbele wala nyuma: mafuta hayatoshi, levie haikuunganishwa, filtre haikuingia vizuri na pompi inavuta hewa, ao pompi imevunjika wakati wa kurudisha bwati.

Inatembea, lakini inangoja: vitabu vya Toyota vinasema kwamba kutoka N kwenda D bwati inapaswa kushika chini ya sekunde 1,2, na kutoka N kwenda R chini ya sekunde 1,5. Ikipita hapo, tazama mafuta, kisha presio. Mpira wa pistoni unaweza kuwa umekatika.

Inakwenda nyuma, haikwendi mbele, ao kinyume chake: kama levie ni sawa, ubaya uko kwa diski za upande ule. Mara nyingi ni mpira wa pistoni uliojikunja wakati wa kuingizwa.

Moteri inapandisha sauti kati ya vitesi mbili: diski zinateleza. Usiendelee kutembeza ukisema itazoea. Diski haizoei, inaungua.

Vitesi zote zinagonga: kable imevutwa mno, presio ni kubwa, kompyuta haijafundishwa, ao kuna gololi iliyosahauliwa katika bloki ya supapi.

Motokari inatetemeka kidogo kati ya kilometre 60 na 80 kwa saa: tazama aina ya mafuta na kifungio cha konvertiseri. Lakini jaribu moteri pia. Bujii moja mbaya inatetemesha motokari namna hiyo hiyo, na bwati inasingiziwa bure.

IKIBIDI KUFUNGUA

Kama mafuta, levie, kable na umeme vyote ni sawa, pima presio kwa manometa kwenye tundu lake, na ulinganishe na kitabu. Hapo tu ndipo unajua kama inafaa kufungua. Kuna kipimo kingine, kile cha kushika freni na kukanyaga akseleratere mpaka chini ili kuona moteri inafika wapi. Kipimo hiki ni cha hatari. Kisipite sekunde 5, mafuta yanapata moto upesi sana; na kama freni ikiachia, motokari inaruka na nguvu yake yote. Acha kazi hiyo kwa atelye yenye nafasi na vifaa. Usiifanye katika lupango.

Mafundi wanajua makosa yanayorudi mara kwa mara. Diski mpya ziliingizwa kavu. Inapasa zilale katika mafuta yake kwanza, dakika 15 kwa uchache, na vitabu vingine vinaomba saa 2. Radiatere ya mafuta haikusafishwa; unga wa chuma wa bwati ya zamani ukarudi ndani ya ile mpya na kufunga supapi. Vipande vilipanguswa na kitambaa kinachoacha nyuzi, na uzi mmoja unatosha kuzuia supapi. Mpira wa filtre ya zamani ulibaki umeganda katika tundu lake, na ule mpya haukupata nafasi.

Lakini kosa kubwa ni la konvertiseri. Inapasa kuingia mpaka mwisho katika pompi kabla ya kufunga bwati na moteri. Ukiisha kuunganisha, kabla ya kukaza mabulo yake, konvertiseri lazima izunguke kwa mkono na ibaki na nafasi ya milimetre chache kati yake na sahani ya moteri. Kama haizunguki, kama inabanwa, usivute kwa mabulo. Toa bwati, ingiza tena. Anayelazimisha kwa ufunguo anavunja pompi, na siku tatu za kazi zinapotea kwa dakika moja.

KAMYO ZA MGODINI

Kamyo kama Caterpillar 777 inabeba kadiri ya tani 90 na ina vitesi 7 za kwenda mbele. Konvertiseri, magiya na diski zake vinatii sheria ile ile: vitesi ni presio ya mafuta. Hapa lakini kosa linaua kwa namna ingine. Kamyo iliyobeba ikitelemka, vitesi inasaidia kuzuia mwendo. Vitesi ikiruka katikati ya mtelemko, kazi yote inaangukia freni peke yake.

Wewe shofere, kamyo ikitoka atelye na bwati mpya, usikubali kuipakia mara moja. Atelye imalize vipimo na marekebisho ya kompyuta, iijaribu tupu, mahali sawa, kila vitesi, mbele na nyuma. Ukisikia vitesi inachelewa, inagonga ao inatoka, simama mahali salama, sema kwa radio, andika katika daftari ya kamyo. Usimwachie mwenzako wa zamu inayofuata siri hiyo. Wewe fundi, usiingie chini wala kati ya magurudumu bila kufunga kikata-umeme na kadena yako, na kutundika karatasi yenye jina lako. Ufunguo wa kadena ukae mfukoni mwako mwenyewe.

Na hili ni kwa wote, mgodini na barabarani: usitelemke mlima na levie kwa N kwa kutaka kuokoa esanse. Unapoteza msaada wa moteri, na freni zinapata moto mpaka zinaachia.

MAFUTA MEKUNDU NYUMBANI

Neno kwa akina mama. Mafuta ya bwati ni mekundu, yanafanana na sirupu ya grenadine. Baba akiyatia katika chupa ya limonade na kuiweka jikoni, mtoto mwenye kiu hatasoma kitu. Yakae katika bidoni yake, na jina lake, juu, mbali na mikono midogo. Mtoto akiyanywa, usimtapishe: mafuta yanaweza kuingia katika mapafu. Mpeleke mara moja kwa dispensari ao hopitali, pamoja na bidoni yenyewe.

Mafuta yaliyotumika yasikae juu ya ngozi, na nguo iliyolowa isivaliwe siku nzima. Nawa kwa sabuni. Usinawe kwa esanse, inaondoa mafuta ya ngozi yako na kufungua mlango wa ugonjwa. Usiyamwage kisimani, mtoni ao katika shamba la mboga. Yakusanye katika bidoni na uyapeleke kwa garaje inayoyapokea.

KATA HAPA, UTUNDIKE UKUTANI

1. Mahali sawa, vizuizi kwa magurudumu, freni ya mkono.
2. Hakuna mtu mbele, nyuma wala chini moteri ikizunguka.
3. Mafuta: kipimo, aina, rangi.
4. Levie: iwake kwa P na N tu.
5. Kable ya akseleratere: pima, usikisie.
6. Umeme: plaki, masi, namba za makosa.
7. Presio kwa manometa.
8. Nyuma ya hayo yote, ndipo ufungue bwati.

Na siku ya Mungu ijayo, kabla ya kugeuza ufunguo, ita watoto wako kwa majina, mmoja mmoja. Kila mmoja aitike kutoka barazani. Kisha washa.